Kabla hujaandika "mifuko yetu inaoza", soma hii kwanza

Leo sina mbinu ya kupata wateja wapya. Nina mbinu ya kutowapoteza ulionao, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi nauza viatu vya watoto. Duka langu ni simu na stoo ndogo hapa nyumbani. Mwaka jana jamaa mmoja wa vifungashio aliniuzia mifuko ya parseli yenye picha ya jani la kijani. Akaniambia, "Hii siyo plastiki ile ya zamani, hii inaoza yenyewe, hata sheria haiigusi." Bahasha ya kaki nilikuwa nanunua sh. 250, huo mfuko sh. 400. Kwa parseli kama 300 kwa mwezi, hiyo ni sh. 45,000 ya ziada. Nikasema sawa, nitairudisha kwa jina zuri. Nikaposti: "Duka rafiki wa mazingira. Mifuko yetu inaoza."

Miezi ikapita. Siku moja mteja wangu, mama mtu mzima, akaandika chini ya picha yangu, watu wote wanaona: "Mwanangu, mfuko wako niliutupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Mvua zote zimeupiga na jina la duka lako bado linasomeka. Unaoza lini?"

Nilimjibu "Shikamoo mama, nafuatilia," maana jibu sikuwa nalo. Na hapo ndipo nilipoona ubaya wake: nimewaahidi watu kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukijaribu.

Nikachukua ndoo, nikajaza udongo, nikazika vitu vitatu: kipande cha bahasha ya kaki, kipande cha mfuko wa nailoni wa kawaida, na mfuko wangu mzima wa "kuoza". Baada ya miezi 8 nikafukua. Kaki hakuna, imekuwa udongo. Nailoni ipo. Mfuko wangu nikausuuza, nikautia viatu pea mbili, nikaunyanyua. Ukabeba vizuri tu.

Ndoo moja siyo utafiti, najua. Ila nilipoanza kusoma nikakuta wenye utaalamu wao walishafanya hilo kwa uzito. Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, watafiti Imogen Napper na Richard Thompson walichukua aina 5 za mifuko ya madukani, ikiwemo iliyoandikwa inaoza. Mingine wakaizika ardhini, mingine wakaizamisha baharini, mingine wakaiacha hewani. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Baada ya miaka 3 ardhini na baharini, mifuko iliyodai kuoza ilikuwa bado inaweza kubeba bidhaa za dukani, sawa na plastiki ya kawaida.

Iliyoachwa hewani, yote ilikuwa imekatikakatika ndani ya miezi 9. Utasema, si ndiyo imeoza? Hapana. Kukatika vipande siyo kuoza. Kile kipande kidogo ni plastiki ileile, ila sasa huwezi hata kukiokota. Kinakwenda na maji hadi mtoni na baharini.

Kulikuwa na aina moja iliyotengenezwa kuwa mboji. Baharini ilitoweka ndani ya miezi 3. Ardhini, baada ya miezi 27, ilikuwa bado ipo, ingawa haikuweza tena kubeba mzigo. Mifuko ya namna hiyo imetengenezewa mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 50 hadi 60. Shimo la taka la kwa yule mama halina joto hilo. Kwa hiyo hata mfuko wa kweli unategemea unatupwa wapi, na sisi tunaotuma parseli mikoani hatujui unatupwa wapi.

Ulaya walishashtuka. Kuanzia Julai 2021 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza plastiki zile zinazotiwa dawa ili zikatike haraka.

Kuna wenzangu watasema, basi tuhamie mifuko ya kitambaa, yaishe. Tulia kidogo. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa hesabu ya gesi zinazoongeza joto duniani, kuanzia kutengeneza mfuko hadi kuutupa. Walilinganisha na mfuko mwepesi wa plastiki wa supamaketi unaotumika mara moja. Ili kuushinda, mfuko wa karatasi inabidi utumike mara 3. Ule mfuko mbadala tunaopewa madukani inabidi utumike mara 11. Wa pamba, mara 131.

Hiyo haimaanishi turudi kwenye nailoni. Hesabu hiyo ni ya gesi tu. Haihesabu mtaro ulioziba ukamwaga maji ndani ya nyumba za watu. Ninachokiona mimi ni kwamba hakuna mfuko mtakatifu. Kuna mfuko unaotumika tena na kuna mfuko unaotupwa. Ukimpa mteja mfuko mzuri wa pamba kila oda, naye anaurundika kabatini, hujamsaidia mtu.

Na tusisahau sheria. Tanzania mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu 1 Juni 2019. Ukikutwa unaitumia, faini inaanzia sh. 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Usikubali maneno ya muuza mifuko kama nilivyokubali mimi. Kabla hujanunua mzigo, waulize TBS au NEMC.

Haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Nimerudi kwenye kaki, na nimeacha kuweka mfuko ndani ya mfuko.

2. Boksi za viatu ninazopokea kwa jumla ndizo ninazotumia kutumia wateja. Nakata, nageuza ndani nje, nafunga kamba ya katani.

3. Mteja wa karibu akirudisha boksi zima, namkata sh. 500 kwenye oda inayofuata. Wengi wanarudisha.

4. Nimefuta neno "rafiki wa mazingira". Sasa naandika ninachokifanya: "Tunafunga kwa kaki na boksi zilizotumika."

5. Muuza mifuko akiniambia inaoza, namuuliza vitu vitatu: inaoza wapi, kwa muda gani, na nani kathibitisha. Akianza kuzunguka, naaga.

Nilikuwa naogopa wateja wataona parseli zangu ni za kimaskini. Wawili walisema hivyo kweli, na mmoja sijamwona tena. Sitawadanganya kwamba hakuna hasara. Ila ile sh. 45,000 ya mwezi imebaki mfukoni kwangu, na mteja akiniuliza swali sikimbii.

Maoni yangu ni haya: mazingira siyo pambo la tangazo. Sisi wadogo hatuna ofisi wala jengo, mteja anatuma hela kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Tunachouza kwanza ni neno letu. Ukilitumia kumdanganya kuhusu mfuko, kesho atajiuliza kama kiatu nacho ni ngozi kweli.

Yule mama nilimpigia nikamwomba radhi, nikamweleza nilivyogundua. Akacheka, akasema, "Bora umesema." Wiki iliyofuata akaagiza pea mbili za wajukuu. Nilizifunga kwa kaki.

Wewe unafunga parseli zako kwa nini, na umewahi kuufukia huo mfuko uone? Tuambizane hapo chini.