Maji Yapitapo Kati ya Bati na Ukuta

Katika mitaa ya Dar es Salaam si ajabu, usiku wa masika, kumwona mama akihamisha kitanda cha watoto huku ndoo ikikinga maji yatokayo darini. Kukicha baba humwita fundi, naye fundi hupanda, hukagua mabati, kisha hutangaza kuwa hayana tundu hata moja. Aghalabu husema kweli. Kosa haliko katika bati, bali pale bati linapokutana na ukuta.

Nyumba zetu hukua kwa vipande. Familia ikiongezeka, jiko au chumba huongezwa uani, na paa la upenu huo huegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani. Mvua ipigayo ukuta ule huteremka nao hadi ukingoni mwa bati, na hapo huingia ndani, ikaozesha papi na pengine kulowesha nyaya za umeme zilizopita darini. Hatari hiyo ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Dawa ipendwayo na wengi ni kuziba ufa kwa sementi. Ni dawa ya msimu mmoja tu. Bati la mita 3 likizidishiwa joto la nyuzi 40 na jua la mchana, hurefuka kiasi cha milimita 1 na nusu, na usiku hunywea tena. Ukuta mnene hauendi nalo. Sementi iliyobanwa katikati haina budi kupasuka, na mwenye nyumba hununua mfuko mwingine.

Kinachofaa ni ukanda wa bati lililopakwa zinki, uliokunjwa vizuri. Fundi achonge kwa tindo mfereji mwembamba ukutani, wenye kina cha sentimita 2 na nusu, kiasi cha sentimita 15 juu ya paa. Ukingo wa juu wa ukanda uingie humo, ukazwe kwa vipande vya bati vilivyokunjwa, ndipo mfereji uzibwe kwa sementi. Kutoka hapo ukanda ushuke na ukuta, ukunjwe, na kuyafunika mabati kwa sentimita 15 au zaidi. Ukingo wa chini ugongwe polepole kwa nyundo ya mti ufuate mawimbi ya bati, upepo usije ukasukuma mvua chini yake. Misumari iwe michache, yenye kofia, tena ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni. Mtu asiugandishe ukingo huo kwa sementi, maana mkunjo wake ndio unaonyumbuka bati linaporefuka.

Ukanda mmoja usipotosha, unaofuata uupande kwa sentimita 10. Pale ukuta unaposhuka sambamba na mteremko wa paa, kazi ianzie chini, na kila kipande cha juu kikalie kile cha chini.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe amwage maji kwa ndoo, akianza na mabati ya chini na kupanda taratibu hadi ukutani, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Tone likionekana kabla maji hayajafika kwenye ukanda, basi tundu liko kwingine, na fundi apande tena.