Sauti zikinyamaza, kazi haijaisha

Kijana aliyekuwa akisikia sauti zisizosikika na wengine, au akiamini majirani wanamfuatilia, akitulia kwa dawa, wazazi hubaki na swali: je, atarudi shule, atafanya kazi, atapata marafiki?

Hakuna kipimo cha damu kinachotoa jibu. Hata hivyo, tafiti zinaonyesha mambo ya kuangalia. La kwanza ni muda: kadiri alivyokaa bila matibabu, ndivyo kurejea katika maisha ya kawaida kunavyokuwa kugumu. La pili ni jinsi alivyokuwa akielewana na wenzake na kumudu masomo kabla ya kuugua.

La tatu huwapita wazazi wengi. Sauti zikiisha, hudhani mtoto amepona. Kumbe kujitenga, kukosa hamu ya kitu chochote na kushindwa kufuatilia mambo ndivyo humkwamisha zaidi kazini na katika urafiki. Huo si uvivu wala kiburi. Ni sehemu ya ugonjwa, na dawa husaidia kidogo tu hapo.

Ndiyo maana nyumbani pana nafasi kubwa. Makaripio ya kila siku huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi, na bangi vilevile. Mzazi ampe kazi ndogo, kama kufagia uwanja au kwenda dukani, kisha aongeze taratibu. Asiachishwe dawa bila ushauri wa daktari.

Na kwa anayeanza kubadilika leo, hata kama familia inakwenda kwenye maombi au kwa mganga, hospitali isisubiri.