Kujifunza Kuandika kwa Waliotangulia

Kijana mmoja wa Gazi, aliyekwisha kumaliza masomo yake, aliombwa na babu yake amwandikie barua ya kueleza habari ya mpaka wa shamba la minazi. Barua ilijaza kurasa nne. Salamu zilichukua ukurasa mzima, sifa za mkubwa wa ofisi zikachukua nusu ya ukurasa wa pili, na mpaka wenyewe ulitajwa mwishoni kabisa, wala haukuelezwa unaanzia mnazi upi. Karani aliyeipokea aliirudisha, akauliza mwombaji anataka nini. Mzee hakukasirika. Alisema tu kwamba jirani ataendelea kuangua nazi zisizo zake mpaka mjukuu ajue kuandika.

Wako wengi kama kijana huyu. Nyumbani husema Kidigo, na Kiswahili cha barua hawana budi kujifunza. Lakini upungufu wao si wa maneno, maana watu wa Pwani hawakosi maneno. Upungufu ni wa mpango. Fundi wa mashua huizunguka mashua ya mwenziwe akitazama mataruma yalivyopangwa, wala hakuna amwitaye mwizi. Mwandishi naye yafaa afanye vivyo hivyo.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanga, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali, akianza katika Forodha mwaka 1926, na aliandika vitabu vyake huku akifanya kazi za ofisi. Mwaka 1952 alitoa Adili na Nduguze, kitabu ambacho msingi wake ni kisa cha Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela. Msomaji akiweka visa hivi viwili pamoja ataona kazi ilivyofanywa: Harun Rashid amekuwa Mfalme Rai, Basra imekuwa Janibu, na ndugu wawili waliogeuzwa mbwa katika kisa cha kale wamegeuzwa manyani. Mtu aweza kusema huo ni uigaji. Naam, ni uigaji, lakini wa mtu aliyejua ni kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha, na lugha yote ni yake mwenyewe.

Njia nyingine ilitumiwa na Benjamin Franklin wa Marekani alipokuwa kijana mwanafunzi wa kazi ya kupiga chapa. Alichukua makala za gazeti la Spectator la London, akaandika maneno machache ya kumkumbusha maana ya kila sentensi, kisha akaziweka kando siku kadha. Baadaye alijaribu kuziandika upya kwa maneno yake, akalinganisha na zile za asili, akasahihisha makosa yake. Pengine aliyachanganya makusudi yale maandishi ya ukumbusho, kisha akayapanga tena, apate kujifunza utaratibu wa mawazo. Zoezi hili halina gharama ila daftari na subira, na subira ndiyo adimu.

Kijana wa Gazi alikuwa amesoma Kusadikika shuleni kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii alikisoma kama mtu mwenye shauri la kupeleka barazani. Aliona kwamba Karama, akishitakiwa mbele ya mfalme na Waziri Majivuno, hajitetei kwa kulia wala kwa kumsifu hakimu. Anasimulia mambo yaliyowapata wajumbe, mmoja baada ya mwingine, na masimulizi yenyewe ndiyo yanayomtetea. Kijana aliandika kwa ufupi mpango wa utetezi ule, akafunga kitabu, akaanza barua upya mara tatu.

Barua ya tatu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilianzia kwenye mnazi ulio kando ya kisima, ikaenda mnazi kwa mnazi hadi penye mikoko. Babu aliposomewa aliuliza salamu zimekwenda wapi. Mjukuu akamwonyesha mstari mmoja juu. Mzee akatia alama ya kidole gumba, wakapanda gari la asubuhi.