Ua wa Lao She na nyua zisizo na kibao

Nyumba namba 19 ya uchochoro wa Fengfu, mjini Beijing, iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Wangfujing, mtaa wa maduka makubwa. Kwa nje haina la kujionea: ukuta wa matofali ya kijivu, mlango mdogo, wala hakuna dirisha linalotazama njia. Humo aliishi Lao She, mwandishi wa riwaya na tamthilia, kuanzia 1950 hadi alipofariki Agosti 1966. Jiji liliiweka katika orodha ya urithi unaolindwa mwaka 1984, familia yake ikaikabidhi kwa serikali, na Februari 1999, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, ikafunguliwa kuwa makumbusho. Toleo hili linahusu nyumba za watu mashuhuri, na hii imetangulizwa kwa sababu ya ukinzani uliomo ndani yake. Mwandishi aliyewapa sauti maskini wa Beijing anakumbukwa katika nyumba ambayo wengi wa wahusika wake wasingeweza hata kuipanga, sembuse kuinunua.

Nyumba ya ua ya Beijing, iitwayo siheyuan, ina kanuni zake. Majengo manne yasiyo na ghorofa huzunguka uwanja wa pembe nne. Jengo kuu hukaa kaskazini na kutazama kusini, ili jua la majira ya baridi, linalopita chini angani, lipenye hadi ndani, na mgongo wa nyumba uzuie upepo wa kaskazini. Hapo hukaa wazee. Watoto, hata wakishaoa, hupewa majengo ya mashariki na magharibi, na upande wa kusini, ambao mwanga wake ni hafifu, ni wa wageni, watumishi na ghala. Lango haliwekwi katikati bali pembeni, aghalabu kusini-mashariki, na mbele ya anayeingia husimama ukuta mfupi wa kukinga macho ya wapita njia. Paa hubebwa na nguzo na boriti za mbao. Kuta kazi yake ni kuziba tu, kwa hiyo ukuta unaweza kuporomoka na nyumba ikabaki imesimama. Kwa maneno mengine, mpango mzima wa nyumba ni mpangilio wa vyeo vya ukoo: ukijua mtu analala upande gani, unajua nafasi yake.

Nyumba ya Lao She haifikii kipimo hicho. Eneo lake lote ni kama mita za mraba 400, lango linatazama mashariki, na ua wa ndani umezungukwa na majengo pande tatu badala ya nne. Aliinunua mwaka 1950, miezi michache baada ya kurudi kutoka Marekani, wakati ambapo watu walikuwa bado hawaamini noti. Inasimuliwa kwamba ilimgharimu majora 100 ya kitambaa. Mwaka 1953 yeye na mkewe, mchoraji Hu Jieqing, walipanda uani miti miwili ya pasimoni, tunda la rangi ya machungwa lililo kama nyanya nono, na mke ndiye aliyeupa ua jina lake kutokana na miti hiyo. Matunda yakiiva, majirani na marafiki walipelekewa. Lao She alilima pia maua ya krisantemu, vyungu kwa vyungu, na kila yalipochanua aliwaalika rafiki zake waje kuyatazama na kula.

Chumba chake cha kulala na kuandikia ni kile kidogo kilichobanwa ubavuni mwa jengo kuu, upande wa magharibi. Sebule ndiyo iliyopewa nafasi na michoro mizuri ukutani. Kwa mtu aliyeandika tamthilia zaidi ya 20 ndani ya miaka 16, huo ni mgawanyo wa kushangaza kidogo: wageni walipewa ukumbi, kazi ikapewa pembe. Katika miaka hiyo aliandika Chaguan, yaani Nyumba ya Chai, iliyochapishwa 1957 na kuigizwa mwaka uliofuata na kundi la Jumba la Sanaa za Watu la Beijing, ambalo ukumbi wake hauko mbali na uchochoro huo.

Mambo mengine hayamo humu ndani. Lao She, ambaye jina lake halisi ni Shu Qingchun, alizaliwa tarehe 3 Februari 1899 katika familia fukara ya Kimanchu, kwenye uchochoro mwembamba wa magharibi mwa jiji. Baba yake, askari wa ulinzi, aliuawa mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane yalipoingia Beijing. Askari wa kigeni walipopekua nyumba yao, sanduku lilimwagwa na kumfunika mtoto aliyekuwa amelala, na hivyo hawakumwona. Mama aliwalea watoto kwa kufua nguo za watu. Kutoka 1924 hadi 1929 Lao She alifundisha Kichina London, katika Chuo cha Masomo ya Mashariki, chuo kilekile ambako Alice Werner alikuwa akifundisha Kiswahili miaka hiyo. Huko ndiko alikoanza kuandika riwaya, na nyumba mojawapo aliyopanga London nayo ina kibao chenye jina lake.

Aliporudi China aliandika juu ya ua wa namna nyingine, dazayuan, yaani ua uliogawanywa kwa familia nyingi za wapangaji. Xiangzi, mvuta riksha wa riwaya yake maarufu zaidi ya miaka ya 1930, anafikia kuishi katika ua wa namna hiyo, ambako kila chumba kina familia nzima, ugomvi wa mmoja husikiwa na wote, na majira ya baridi huamua nani atakula. Longxugou, tamthilia aliyoandika mara tu baada ya kurudi kutoka Marekani, ina ua mdogo wa wapangaji kando ya mtaro mchafu. Katika riwaya ndefu ya Vizazi Vinne Chini ya Paa Moja, aliyoiweka kwenye uchochoro aliozaliwa, mzee Qi anaamini kwamba vita vyovyote vitapita ikiwa nyumba ina nafaka na mboga za chumvi za miezi mitatu, na lango limezibwa kwa mtungi mbovu uliojazwa mawe. Wajapani waliouvamia mji wanakaa miaka minane. Hakuna mwandishi aliyeonyesha vizuri zaidi jinsi ukuta wa ua unavyompa mwenye nyumba usalama wa uongo.

Ukuta wake mwenyewe haukumkinga. Tarehe 23 Agosti 1966, akiwa na miaka 67, alipigwa na Walinzi Wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni, kwenye hekalu la Confucius pamoja na wasanii na waandishi wengine. Siku iliyofuata alitoka nyumbani, na baadaye mwili wake ukaokotwa katika ziwa Taiping. Alisafishwa jina mwaka 1978. Ziwa lenyewe lilifukiwa, pakajengwa karakana ya treni za chini ya ardhi. Kalenda iliyo chumbani mwake inaonyesha tarehe 24 Agosti 1966, na kitandani zimepangwa karata, kana kwamba mchezo umekatizwa. Mpangilio huo ni uamuzi wa walioitengeneza makumbusho, na ni uamuzi mzuri, kwa kuwa unamlazimisha mgeni aulize siku hiyo kulitokea nini. Udhaifu wake ni kwamba nyumba peke yake haiwezi kujibu. Mahali alipozaliwa hapakufanywa makumbusho, alipofia pamefukiwa, kwa hiyo ua mmoja wenye miti na maua umebebeshwa maisha yote.

Hilo ni suala la mji mzima kuliko la mtu mmoja. Nyua nyingi za Beijing zilijazwa wapangaji katika karne ya 20, na baada ya tetemeko la Tangshan la 1976 vibanda vya muda vilizuka viwanjani na kubaki. Kisha, hasa miaka ya 1990, mitaa mizima ya nyua ilibomolewa kupisha barabara na majengo marefu. Ua uliokuwa na jina kubwa ulipata kibao cha ulinzi. Ua wa wafua nguo na wavuta riksha ulihesabiwa kuwa nyumba mbovu. Mpango mkuu wa jiji uliopitishwa mwaka 2017 ulisimamisha ubomoaji wa mji wa kale, lakini kuurudisha ua wa wapangaji katika umbo lake la kwanza kunamaanisha kubomoa vibanda na kuwahamisha waliomo. Unaosalia ni ua msafi wa familia moja yenye fedha, au wa hoteli, ambao unafuata kanuni za siheyuan vizuri zaidi kuliko nyumba ya Lao She, huku mtu kama Xiangzi akiwa amepewa chumba nje ya barabara ya tano ya mzunguko.