Mpox: vidonda visifichwe, na sabuni isihubiriwe pasipo maji

Mpox si mgeni Congo. Mgonjwa wa kwanza kujulikana duniani alikuwa mtoto wa miezi 9, huko Equateur, mwaka 1970. Lakini dunia iligutuka Agosti 14, 2024, OMS ilipotangaza dharura ya kimataifa, baada ya aina mpya iliyoonekana Kamituga, Kivu Kusini, kuvuka mipaka. Septemba 2025 OMS iliondoa tangazo hilo. Virusi havikuondoka nalo.

Mitaani bado kuna wanaosema kwamba vidonda vya mdomoni na vipele vya ngozi ni uchawi, ama malipo ya uzinzi. Kwa hiyo mgonjwa anajificha, huku akila sahani moja na watoto na kulala nao kitanda kimoja.

Ukweli ni huu. Mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno kwa macho. Kirusi si seli, na peke yake hakiwezi kuzaliana. Huingia ndani ya seli ya ngozi ama ya mdomo, huitumikisha itoe nakala zake, kisha nakala hizo huvamia seli jirani. Ndiyo maana maji ya kipele, mate ya mwenye vidonda mdomoni, hata magamba makavu yanayobaki kwenye shuka, yote huambukiza. Hatari inaisha magamba yote yakianguka na ngozi mpya ikiota.

Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta. Sabuni nayo ina pande mbili: upande mmoja hushika maji, mwingine hushika mafuta. Kila mama aliyeosha sufuria ya mawese anajua: maji matupu hayatoshi, sabuni hung'oa. Mikononi na kwenye nguo ni kazi ileile.

Lakini sabuni bila maji ni hotuba tu. Kwenye machimbo ya zahabu na kambi za wakimbizi, dumu moja la maji hugawanywa kwa kupika, kunywa na kuoga. Na mchimbaji anayeambiwa ajitenge majuma 2 hadi 4, watoto wake watakula nini?

Wakaaji wana wajibu wa kwenda mapema kwenye kituo cha afya bila haya. Wenye mamlaka nao wana wajibu wa kuhakikisha kwamba huko watakuta maji, matunzo ya bure na chakula. Bila hayo, kumlaumu anayejificha ni kumwonea.