Kadi ya gemu iwe ya mwisho kununua

Leo nitabishana kidogo na mafundi, mnisamehe.

Januari nilinunua kompyuta ya gemu ya mtumba hapo Mwanza mjini, 280,000. Humo laki moja ni hela ya kikoba, mama alinikopea kwa jina lake. Nikapanda nayo basi la Musoma, nikashuka Magu nimeipakata kama mtoto. Usiku nikawasha, safi. Nikafungua gemu ya mpira, dakika tano haziishi, ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena. Muuzaji simu hapokei.

Fundi wa kwanza hata kuifungua hakuifungua. "Kadi imekufa hiyo, tafuta 250,000." Ningemsikiliza mtaji wote ungeishia hapo, na kadi yenyewe ilikuwa nzima!

Nikafungua ubavu mwenyewe. Vumbi limeganda kwenye feni kama sufi. Brashi ya rangi, 1,500. Ile pesti ya kati ya prosesa na feni imekauka, mpya 5,000. Joto likashuka, ila ikawa bado inazima. Ndipo nikaazima pawa saplai ya rafiki yangu wa steshenari. Tulicheza hadi saa sita usiku, haikuzima hata mara moja. Kumbe mashine ikikaa tu inakula umeme kidogo, gemu ikianza kadi inavuta mwingi kwa mkupuo, na pawa saplai iliyochoka haiwezi. Ndiyo maana muuzaji alinionyesha inawaka tu, gemu hakufungua. Nikanunua mpya, 65,000.

Kwa hiyo mimi nasema sisi wenye mtaji mdogo tuanze na vya bei ndogo, na tuazime kabla ya kununua. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue, inabaki na umeme hata ukichomoa ukutani. Na zile za maofisini kama Dell OptiPlex, nyingi plagi zake za ndani ni tofauti, angalia kwanza kabla hujatoa hela. Hizo zinafaa kadi kama GTX 1050 Ti ile isiyo na waya wake wa umeme, inatumia wati 75 tu kutoka kwenye mazabodi.

Kuuza sasa. Dogo mmoja wa Lamadi aliiulizia, nikamrekodia video gemu ikicheza nusu saa nzima. Nikamwambia nilichobadilisha, na kwamba ina Windows 10, ambayo Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na prosesa yake ni ya zamani, Windows 11 haiitambui rasmi. Akashusha 30,000 palepale. Wenzangu walinicheka, eti najishushia bei kwa mdomo wangu. Sawa, lakini mimi simu napokea.

Alilipa 420,000. Mama alipata laki yake Ijumaa, siku moja kabla ya kikao cha kikoba.