Tulipie Kilomita, Si Lita

Wakenya wenzangu, tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli tunayonunua hukatwa shilingi 25 za kutengeneza barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Makato yalipopanda tulinung'unika, kisha tukaendelea kujaza tangi. Nawaomba safari hii tudai mfumo mwingine: kila gari lilipie kilomita linazokwenda, kwa kadiri ya uzito wake.

Mtazameni mkulima anayeingia kituo cha mafuta na jerikeni ya lita tano ya kuendeshea pampu ya maji. Shilingi 125 katika pesa anazotoa ni za barabara, na pampu ile haitakanyaga lami kamwe. Mvuvi wa Mbita anayetia petroli kwenye injini ya boti hutozwa vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita hulipa shilingi 2.50 kila kilomita. La haibridi linalokwenda kilomita 25 hulipa shilingi moja. La umeme halitoi hata senti kwenye tozo hii. Siwaombei wenye magari ya umeme adhabu. Bodaboda za umeme zimewapunguzia vijana wetu gharama, nazo hazitoi moshi. Lakini kadiri zinavyoongezeka ndivyo mfuko wa barabara utakavyopungua, na pengo hilo litazibwa na waliobaki na petroli, hasa wenye magari makuukuu yanayokunywa mafuta.

Kisha kuna uzito. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba mzigo wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara hupanda takribani mara 16. Lori linalotumia lita moja kwa kilomita mbili hulipa shilingi 12.50 kwa kilomita, mara tano tu ya gari dogo, ilhali linaichakaza lami mara maelfu. Mizani tunayo tayari, Mariakani, Mlolongo, Gilgil.

Najua hofu iliyopo: serikali itajua tunakokwenda. Hofu hiyo ina haki, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yetu. Ila hakuna haja ya satelaiti. New Zealand imekuwa ikitoza magari ya dizeli kwa kilomita tangu 1978: mwenye gari hununua kilomita 1,000 kwa wakati mmoja, na zikiisha kwenye mita ya dashibodi hununua nyingine. Tangu Aprili 2024 magari ya umeme nayo yameingizwa humo. Wapo watakaorudisha mita nyuma. Basi isomwe kila gari linapokaguliwa na linapobadilisha mmiliki, na adhabu iwe kali.

Tusikubali tozo mbili juu ya gari moja. Siku ya kwanza ya kulipia kilomita, shilingi 25 zianze kushuka kwenye pampu, na hilo liandikwe ndani ya sheria yenyewe, si katika hotuba. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge litushirikishe. Kwa hiyo sako za matatu, vyama vya bodaboda, wavuvi, wakulima na wenye malori, kaeni mwandike maoni yenu, myatie sahihi, mpeleke nakala kwa mbunge wenu na nyingine kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, kabla bajeti ijayo haijasomwa.